Jaketi Lililotiwa Wanga

Asubuhi katika nyumba ile, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mume alichemsha chai. Mke alitia upepo matairi ya baiskeli. Na mzee, baba yake mke, alisimama mlangoni ameshika jaketi mabegani, tayari kumvalisha binti yake.

"Geuka," mzee alisema. "Leta mkono huu. Haya, na huu. Simama wima, usinikunjie kola."

"Baba, nakwenda kupeleka mikate. Siendi kuolewa."

"Ulishaolewa. Lakini watu wanakutazama. Wakiona kola imelala, watasema dobi amezeeka."

Mume alichungulia kutoka jikoni. "Mzee, huo mkunjo wa mkono una makali! Leo mikate itakatwa bila kisu."

"Wewe nyoa vichwa vya watu, mkwe. Nguo niachie mimi."

Mkwe huyo alikuwa kinyozi. Mke wake aliitwa Kengele na mtaa mzima. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na baiskeli. Kabla hujamwona ulimsikia: kriing, kriing, mikate imefika! Kila siku alichukua mikate bekari na kuipandisha mlimani. Aliipeleka hospitali, shuleni, na kwenye nyumba za barabara ya juu. Wagonjwa walimjua. Walinzi walimtania. Kengele aliipenda barabara ile kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya.

Tatizo ni upepo wake. Jamani, upepo ule hauna adabu! Unaingia shingoni, unatokea kiunoni, na wala hausemi samahani. Ndiyo maana mume wake alimnunulia jaketi kwenye duka la vifaa vya kazi. Muuzaji aliliita softsheli. Nje lilikuwa na kitambaa kilichobana, kinachonyumbuka. Ndani lilikuwa na manyoya mafupi, laini. Siku za mwanzo Kengele aliliimbia sifa. Upepo ulipiga, ukashindwa. Manyunyu yalidondoka, yakateleza chini.

Kisha mambo yakageuka. Wiki baada ya wiki, jaketi lilianza kunywa maji. Manyunyu kidogo tu, mabega yamelowa. Akifika juu, mgongo ni baridi tupu. Kikohozi kikamwingia.

Asubuhi hiyo ya mkunjo wenye makali, manyunyu yalimkuta njiani. Aliporudi bekari alikuwa anatetemeka. Msimamizi wa bekari alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umelowa tena, Kengele?"

"Kidogo tu, dada." Akakohoa.

"Hicho si kidogo. Hapa tunashika chakula cha watu. Anayekohoa hashiki mkate. Nenda nyumbani, pumzika mpaka upone."

"Na kazi yangu?"

"Ipo. Lakini sikiliza, mdogo wangu. Ukirudi ukalowa tena hivi, nitakuhamishia ndani, ufunge mikate. Barabara ya juu nitampa mtu mwingine. Sitaki uniugulie."

Kengele alivua aproni. Akae ndani siku nzima, anafunga mikate, hasikii hata kengele yake mwenyewe? Alirudi nyumbani akisukuma baiskeli kwa miguu.

Nyumbani, lawama zilimwangukia mume.

"Mkwe, umeuziwa jaketi bovu," mzee alisema.

"Lilikuwa zima, mzee. Wewe mwenyewe uliliona."

"Kila kitu kibovu huanza kikiwa kizima. Hata nyanya. Ulikwenda dukani ukapakwa mafuta kwa maneno matamu, ukatoa pesa." Akamgeukia binti yake. "Vua, mwanangu. Lete nilifue tena. Labda halijatakata."

Akalichukua jaketi, akaenda nalo uani. Kengele alimtazama kupitia dirishani. Mzee alimwaga maji ya moto kwenye beseni. Akatia sabuni ya unga, mikono miwili. Akaloweka. Akasugua kwa brashi. Akatia kilainishi, kile chenye harufu ya maua. Kisha akachovya kola na mikono ya jaketi kwenye wanga, ili visimame. Lilipokauka, akalipiga pasi ya moto kweli kweli. Muda wote huo alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

Mzee alikuwa dobi maisha yake yote. Macho yalipoanza kumsumbua, alifunga duka lake. Baada ya hapo, mwaka mzima, alikaa kwenye kiti kimoja akitazama ukuta. Hakutania mtu. Chakula alikigusa tu. Siku moja Kengele, kwa uchovu wake, akamwambia, "Baba, hebu nisaidie nguo hizi." Mzee akainuka. Tangu siku hiyo akarudi kuwa yeye. Nguo ikiingia ndani ya nyumba, alikata kibandiko chake cha maelekezo ya kufua na kushona mahali pake uzi mwekundu, alama yake ya dukani. Hakuna mwingine aliyegusa beseni.

Siku chache zikapita. Kikohozi kikaanza kupungua. Kengele akaona asikae bure. Turubai la kufunika kikapu cha mikate lilikuwa limechanika, basi akavaa jaketi lake, akapeleka turubai hilo kwa jirani yao, Bi Turubai.

Bi Turubai alikuwa mama mnene, mcheshi, fundi wa mahema na maturubai. Karakana yake ilijaa vitambaa hadi darini. Cherehani yake ilinguruma, ukipita nje ungedhani ni pikipiki.

"Karibu, Kengele! Mbona leo umekuja kimya?"

"Naumwa kifua, mama. Kila nikipanda mlima nalowa. Jaketi hili linanitesa."

Bi Turubai akazima cherehani. Akashika kola. Akaigonga kwa kucha. Ko, ko.

"Hii ni kola au ni mlango?" Akalinusa jaketi. "Linanukia maua. Hebu livue."

Akalitandaza mezani. Akachovya vidole kwenye kikombe cha maji, akalinyunyizia. Matone yalikaa kidogo, kisha yakazama. Kitambaa kikafanya madoa meusi.

"Sasa ona." Akatoa jaketi lake ukutani, la aina ile ile, lililochakaa viwikoni. Akalinyunyizia pia. Matone yakawa viduara. Alipoinua jaketi, yakabingirika hadi sakafuni. Kitambaa kilibaki kikavu.

Kengele alitoa macho. "Lako ni zuri zaidi?"

"Langu ni zee kuliko ndoa yako! Yote ni mamoja. Sikiliza, mwanangu. Ona kitambaa hiki cha nje. Nyuzi zimebanana sana. Upepo unatafuta tundu la kupita, haulioni. Na haya manyoya ya ndani yanashika joto lako lisitoroke. Umenielewa?"

"Hapo nimeelewa. Ila mvua?"

"Ndipo ninapokuja. Huko kiwandani, juu ya kitambaa walipaka dawa. Huwezi kuiona. Kazi yake ni kuyafukuza maji. Tone likija halishiki, linateleza, linakwenda zake. Lakini dawa hiyo ukiitia kilainishi, kinaifunika. Ukiitia wanga, ndiyo usiseme. Wanga wenyewe unapenda maji! Na pasi ya moto sana inaichoma. Jaketi likishakunywa maji, linakuwa zito na la baridi. Joto la mwili wako linakwenda na maji."

"Na jasho nalo? Siku hizi nalowa hata kwa ndani."

"Lazima. Jaketi lililo zima linapumua. Mvuke wa jasho hutoka nje taratibu. Sasa kwako nje pamelowa, jasho litoke wapi? Unalowa pande zote mbili, maskini."

Kengele akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Basi likipona, hata mvua ya mafuriko sitaiogopa!"

"Ishia hapo hapo!" Bi Turubai aliinua kidole. "Wengi hujidanganya hapo. Hili si koti la mvua. Upepo, litakukinga. Manyunyu, litakukinga. Mvua kubwa ikikupiga kwa muda mrefu, maji yatapita. Yataanzia kwenye mishono. Tazama, sindano imetoboa hapa na hapa, na hakuna utepe wa kuziba. Mvua kubwa ikianza, vaa koti la mvua juu yake. Hilo lisikosekane kwenye kikapu chako."

Kisha akauliza, "Nani anakufulia nguo?"

Kengele akainamisha kichwa. Cheko lote lilimtoka.

"Baba," akasema.

"Ahaa. Dobi wetu."

"Mama, nikimwambia kwamba ni yeye ameliharibu, ataacha kufua. Atarudi kwenye kile kiti. Wewe hukumwona mwaka ule. Mimi nilimwona."

"Na usipomwambia?"

"Nitalowa tena. Nitafungiwa ndani ya bekari."

Bi Turubai alichukua turubai lililochanika, akaliweka chini ya sindano. "Mimi nashona maturubai, mwanangu. Maneno ya kumwambia baba yako siwezi kukushonea. Jaketi liache hapa."

Jioni hiyo, mzee alizunguka nyumba nzima. Alifungua kabati. Alichungulia nyuma ya mlango.

"Jaketi liko wapi? Nataka kulitia wanga kidogo, kola imeanza kulegea."

Kengele akamtazama mume wake. Alikuwa amemweleza yote. Mume akapiga moyo konde, akaweka kikombe chini.

"Mzee, ulikuwa sahihi," alisema. "Niliuziwa jaketi bovu. Nimelirudisha."

Uso wa mzee ukang'aa. "Si nilisema? Nilisema! Kinyozi na nguo wapi na wapi? Siku nyingine twende wote dukani. Nitakishika kitambaa kwa vidole viwili tu, nitajua." Akacheka hadi akajifuta machozi. Mume naye akacheka kidogo, akatazama chini.

Kengele alisukuma sahani yake kando. Mume wake alikuwa amekwenda dukani kwa mapenzi. Alichagua vizuri. Sasa anachekwa ndani ya nyumba yake, na ataendelea kuchekwa. Roho ilimsuta.

"Baba," alisema. "Jaketi si bovu. Mume wangu anasema hivyo ili usiumie. Liko kwa Bi Turubai. Lina dawa ya kufukuza maji. Kilainishi na wanga na pasi ya moto vimeiharibu ile dawa. Ndiyo maana nalowa."

Mzee aliacha kucheka. "Kwa hiyo kikohozi chako..."

"Baba, hukujua. Hata mimi sikujua."

"Nimekufulia ugonjwa," mzee alisema.

"Baba, usiseme hivyo!"

Lakini alikuwa ameshainuka. Akaenda hadi kwenye kiti. Kile kile. Akakaa, akatazama ukuta. Kengele alimfuata, akamshika mkono, akamsemesha. Mzee aliendelea kuutazama ukuta.

Alfajiri Kengele aliamka wa kwanza, moyo mzito. Alikwenda kutazama kiti. Kilikuwa kitupu. Akatoka uani. Beseni halikuwepo. Pasi nayo haikuwepo! Hakungoja chai. Alijitupia khanga mabegani, akakimbia mtaani, na kabla hajafika kwenye karakana alisikia sauti mbili zikibishana.

"Mzee wangu, hayo maji ni ya moto mno!"

"Mama, nimefua nguo tangu wewe huna meno."

"Basi nifulie shuka zangu. Jaketi linataka maji ya vuguvugu."

Kengele akasimama mlangoni. Baba yake alikuwa amekunja mikono ya shati, amechuchumaa mbele ya beseni. Alimwona, akakunja uso.

"Usinitazame hivyo. Nimekuja kujifunza. Kama dobi hajui kufua jaketi, huyo si dobi." Akatia maji ya baridi kwenye beseni, akapima kwa kiwiko. "Haya, mama. Sabuni gani?"

"Ya maji, kidogo tu. Kilainishi hapana. Dawa ya kung'arisha hapana. Wanga..."

"Wanga usinitajie. Nimeshaaibika."

"Funga zipu kwanza, isikwaruze kitambaa. Weka brashi chini, tumia viganja. Kisha suuza mpaka sabuni yote itoke, maana hata sabuni ikibaki inavuta maji. Usilipopotoe. Liminye tu, ulitundike."

Mzee alisuuza. Akasuuza tena. Wanga ulitoka na maji, mweupe kama uji. Kila alipouona, alitikisa kichwa.

"Na nilifue mara ngapi kwa wiki?"

"Kwa wiki? Mzee wangu, likichafuka ndiyo ulifue! Tope kidogo lifute kwa kitambaa kibichi, basi."

"Sasa mimi nitafanya nini siku nyingine zote?" mzee aliuliza. Aliuliza kwa utani, lakini Kengele aliisikia hofu iliyokuwa ndani yake.

Bi Turubai aliisikia pia. Akatoa kopo la kupuliza. "Hii ndiyo dawa yenyewe. Inauzwa kwenye duka lile lile la vifaa vya kazi. Jaketi likikosa nguvu ya kufukuza maji, unalifua, unalipulizia, linakauka. Na maandishi ya kopo hili yanasema likikauka lipigwe pasi ya moto mdogo ili dawa ishike. Hapo mimi ndipo ninaposhindwa. Nimeshaunguza majaketi ya watu, sina hamu."

Mzee akainua kichwa. "Moto mdogo kiasi gani?"

"Inategemea nguo. Kibandiko cha ndani ndicho kinachosema. Lakini hapa naona uzi mwekundu tu."

Mzee akaingiza mkono mfukoni kwa aibu, akatoa kibandiko kidogo cheupe. "Nilikikata mimi. Huwa navitunza kwenye kopo la vifungo. Nisomee, mwanangu, macho yangu yananiangusha."

Kengele akakitazama. "Kuna picha ya pasi, na ndani yake nukta moja."

"Nukta moja ni moto mdogo," Bi Turubai alisema. "Picha hiyo ya pasi ingekuwa imekatwa kwa alama ya X, tusingelipiga pasi kabisa."

Mchana jaketi lilikuwa limepuliziwa dawa na kukauka. Mzee alitandika kitambaa chepesi juu yake. Akawasha pasi, akaisogeza karibu na shavu lake, akangoja. Akaizima. Akaisogeza tena. "Sasa," akasema. Akaipitisha taratibu, bila kuigandamiza. Hakuunguza hata unyoya mmoja.

Bi Turubai akanyunyizia maji. Matone yakawa viduara, yakateleza mezani, yakamwangukia mzee miguuni.

"Wee!" mzee alisema. "Tena. Nyunyiza tena."

Walinyunyiza mpaka kikombe kikaisha maji. Bi Turubai aliuendea msumari wa ukutani, akashusha majaketi ya waendesha pikipiki waliokuwa wakimsubiri. "Mzee wangu, haya nimeyakwepa muda mrefu. Chukua. Siku zako nyingine zote ndizo hizi."

 Kengele alisimama nyuma ya baba yake, akalia kidogo kwa furaha, akajifuta haraka.

Kikohozi kilipokwisha kabisa, alirudi barabara ya juu. Siku ya kwanza ilikuwa ya upepo mtupu. Siku ya pili manyunyu yalianza alipokuwa katikati ya mlima. Aliyatazama yakibingirika kwenye mkono wa jaketi, akapiga kengele bila sababu yoyote. Karibu na hospitali mvua kubwa ilishuka kwa hasira. Hakujifanya shujaa. Alisimama chini ya paa la kibanda cha mlinzi, akatoa koti la mvua kwenye kikapu, akalivaa juu ya jaketi.

"Leo umejipanga, Kengele!" mlinzi alisema.

"Nimefundishwa."

Bekari, msimamizi hakuuliza. Alisubiri Kengele avue koti la mvua, akafungua zipu ya jaketi, akagusa shati. Lilikuwa kavu. Akamgongagonga begani. "Barabara ni yako," alisema, na akarudi kwenye tanuri.

Nyumbani, mzee alikuwa mlangoni. Nyuma yake majaketi ya watu yalining'inia kwenye kamba, kila moja na kibandiko chake, hakuna kilichokatwa. Kopo la wanga lilikuwa juu ya kabati, likisubiri mashati.

"Geuka," alisema.

Kengele akageuka. Mzee akaingiza kiganja chini ya jaketi, akakiweka mgongoni kwa binti yake, kati ya mabega. Alikiacha pale kwa muda. Mgongo ulikuwa mkavu, na wa moto.

Akakitoa. Akageuka kuelekea jikoni, mume alikokuwa akimimina chai.

"Mkwe."

"Naam, mzee."

"Ulinunua jaketi zuri."

Mume alisimama na birika mkononi, chai ikajaa kikombe mpaka ikamwagika mezani.

"Rudia, mzee. Sikusikia vizuri."

"Ulisikia," mzee alisema. "Futa meza."